Kilio Kilichosubiri Ngoma

Nguruwe yule hakuitwa nguruwe. Tangu kijiji kilipomkabidhi Thuyên kazi ya kumlea kwa ajili ya sherehe ya mungu mlinzi wa mashamba, jina lake lilikuwa Mzee, na kila aliyepita bandani alimsalimu kwa adabu. Mzee alilala ndani ya chandarua, akala uji wa mchele mpya, akaogeshwa maji ya vuguvugu, huku Thuyên mwenyewe akijimwagia ya kisimani. Cheka ukitaka. Thuyên alikuwa mkulima wa mpunga maisha yake yote, na zamu hii aliingoja tangu ndevu zilipoanza kumtoka.

Sharti lilikuwa moja: nyumba ya mlezi isiwe na msiba. Kilio kikipigwa humo kabla Mzee hajatolewa sadaka hekaluni, basi anauzwa buchani kama nguruwe yeyote, na mpunga ukikauka mwaka ule, watu wanajua pa kunyoshea kidole. Na tangu mwaka mpya uingie, mama yake Thuyên, Bibi Mão, alikuwa hoi kitandani.

Đắc, mkuu wa sherehe, alikuja kila asubuhi. Alidai anakuja kumsalimu Mzee, lakini macho yake yalikuwa kwenye dirisha la mgonjwa.

"Ameamkaje?"

"Amekula ndoo nzima, Kaka Đắc."

"Simuulizi huyo."

"Mama naye yupo."

"Yupo, au anaaga? Lẫm ana nguruwe wa akiba. Sema mapema, ndugu yangu, tusije tukaaibika."

Sauti kavu ikatoka dirishani: "Đắc! Nilikufuta makamasi ukiwa huna suruali. Sifi mimi ili Lẫm afurahi!"

Đắc aliondoka akicheka. Thuyên hakucheka, maana baada ya maneno yale mama alitweta kama aliyebeba gunia. Alimwinua anywe maji, na moyoni aliona haya: hakujua tena kama anamwombea mama uhai, au anaiombea sherehe.

Siku ikafika. Mzee alichinjwa alfajiri, akanyolewa, akalazwa mzimamzima juu ya machela nyekundu, maua ya karatasi yakamfunika mgongo. Ngoma ikaja mpaka langoni kumchukua. Thuyên aliinama kitandani kuaga.

"Nitakuletea nyama ya shingo, Mama."

"Sina meno, we mtoto. Nenda, watu wanakusubiri."

Alimwachia mkewe, Nhàn, amwangalie, akatangulia mbele ya machela kama ilivyo desturi. Njia nzima kati ya majaruba alikuwa akigeuka nyuma. Moshi wa jikoni kwake ulionekana, na kila alipouona alipata nguvu ya kupiga hatua nyingine.

Hekaluni alipiga magoti. Alipoinua macho, Nhàn alikuwa kando yake, nywele zimechanwa vizuri, uso mkavu.

"Mbona umemwacha Mama?" alinong'ona.

"Amenituma."

"Anasemaje?"

"Anasema umalize, Baba Thoa."

Mikono ya nguo yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni, nayo ilinukia majani ya kuchemshwa, yale ya kuoshea maiti. Thuyên aliijua harufu ile. Ndiyo aliyomwoshea baba yake. Swali jingine lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Aliogopa. Angeuliza, Nhàn angejibu. Na akijibu, yeye mwenyewe angelia.

Ndipo Đắc akasogea kuwasha ubani. Akasimama. Pua yake ilikunjamana, akamtazama Nhàn, akazitazama zile nguo, kisha akamtazama Thuyên kwa muda mrefu. Nyuma yao Lẫm alikuwa amejaa tele, na neno moja tu lingetosha kumaliza kila kitu.

"We mpiga ngoma," Đắc alifoka ghafla, "umelala? Piga!"

Ngoma ikapigwa. Thuyên akainama hadi paji la uso likagusa chini, akamtoa Mzee sadaka kwa mlinzi wa mashamba, akaomba mvua na mpunga kwa sauti isiyokuwa yake. Watu wakaitikia. Ngoma ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Nhàn akakaa chini palepale, akafungua nywele zake, akapiga ukelele. Thuyên akamwangukia begani, akalia kama mtoto. Na wa tatu kuangua kilio, kofia ya sherehe imemwanguka miguuni, alikuwa Đắc.