Omena Kwenye Mteremko wa Fundi

Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, husema nina sauti ya kuongea na omena, wale dagaa wa ziwa letu, tena zilizokauka. Ni kweli. Darasani nikiulizwa swali nalijibu dawati. Lakini kwenye karatasi siogopi mtu, na muhula uliopita insha yangu kuhusu mji unaomjali kila mkazi ilisomewa Kidato cha Tatu chote. Niliandika habari za jirani yetu, fundi wa nguo anayetumia kiti cha magurudumu. Alihudhuria kila mkutano wa kupanga soko letu jipya hapa Homa Bay, mpaka kamati ikakubali kumjengea mteremko wa saruji kando ya ngazi. Zamani alishonea nje, na mvua ikija anakumbatia cherehani kama mtoto.

Hiyo ilikuwa insha. Ukweli ni huu.

Soko lile lina vyoo, lina taa, lina hata pa kuegesha bodaboda. Pa kuanikia omena hapana, kwa sababu siku za mikutano akina mama wa omena walikuwa ufuoni wakisubiri mashua. Ijumaa moja ya likizo Dani, ambaye ni mmoja wao, akanituma nitafute mahali. Nikauona mteremko: laini, umefagiliwa, unatazama jua, maji hayatuami. Nikatandaza wavu, nikamwaga omena kuanzia juu mpaka chini.

"Nyakwara," Dani akasema, na hilo ni neno la kuniita mjukuu wake akifurahi, "kumbe shule inasaidia!"

Naapa sikumkumbuka fundi hata kidogo. Mimi, mwenye insha.

Akatokea saa nne, magauni ya kwaya yamejaa mapajani. Yeye ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama hashiki sindano, na kwaya ilikuwa inaimba kesho yake. Cherehani iko ndani.

"Nani ameanika mboga kwenye barabara yangu?"

"Zunguka upande ule, fundi," Dani akamwambia.

"Upande ule ni ngazi, Mama. Nikiruka utanidaka?"

Wanawake wakacheka. Dani akacheka pia, kisha akageuza samaki wake. "Subiri kidogo. Zimebaki saa mbili tu zikauke."

"Saa mbili? Basi kesho kwaya itaimba bila mikono. Nitawaambia wewe ndiye uliyekata."

Hapo ndipo msimamizi wa soko alipofika, na yeye hakucheka. Akasema omena zote zitoke, na kuanzia kesho asimwone mama yeyote wa omena ndani ya ua. Dani akainama, akaanza kuzoa omena zake. Nilikuwa sijawahi kumwona Dani akitii bila kubishana.

"Ni mimi," nikasema.

"Nani ameongea?" Msimamizi aliangalia juu ya kichwa changu.

"Ni mimi niliyeanika. Fundi, nisamehe. Lakini hawa hawana mahali. Nyuma ya soko kuna uwanja, umejaa kokoto tu."

"Ameongea na viatu vyako," fundi akamwambia msimamizi, "lakini umesikia."

Msimamizi akasema mambo ya uwanja yanapelekwa kwenye mkutano wa Jumanne. Fundi akamwambia mkutano anaujua, hata kiti cha mbele anacho, amekikalia. Tukakunja wavu haraka, Dani mwenyewe akasukuma kiti mpaka juu, akilalamika kwamba fundi anakula sana. Magurudumu yaliponda omena zilizobaki, na paka wote wa soko wakaandamana nyuma yao mpaka kwenye cherehani. Gauni la mwisho liliisha jua likiwa bado liko juu ya ziwa. Mwimbaji mmoja alilalamika kwamba sauti ya pili ilinuka kitoweo.

Jumanne niliposimama mkutanoni nikaanza kutafuta mlango. Fundi akafunga breki mbele yangu. "Usiwaangalie. Ongea na magurudumu yangu."

Nikayaambia magurudumu kila kitu: kwamba akina mama hawakuulizwa, kwamba wakiwa na meza za kuanikia kule nyuma hakuna atakayegusa mteremko, na kwamba mikutano ifanywe mashua zikishatia nanga. Kamati ikakubali kusawazisha uwanja. Wiki iliyofuata kokoto ziliondolewa na meza za kwanza zikapigwa misumari.

Jumanne ile, tukirudi nyumbani kutoka mkutanoni, nilingoja Dani anisifu. Alipofika langoni akavuta komeo.

"Mm," akasema. "Leo umefikia omena mbichi."