Mikono Minane ya Nano

Sijamsamehe, na siandiki haya ili nimsamehe. Mkandarasi yule aliniondoa katika kazi ya nyumba ya mama mmoja mjane wa Malindi, mbele ya mama mwenyewe, akisema chokaa yangu imepitwa na wakati. Yeye alikuwa na dawa ya nano, ya kuzuia maji ukutani. Nilikusanya mwiko na ndoo zangu huku mafundi wake wakinicheka.

Nikamuuliza binti yangu, anayesomesha kemia, hiyo nano ni kitu gani. Akasema ni udogo: chukua unywele, uchane maelfu kwa maelfu, mchano mmoja ndio huo. Kitu kikiwa kidogo hivyo hubadilika tabia. Kuna vinavyochuja maji ya kunywa, kuna vinavyobeba dawa mpaka penye ugonjwa mwilini. Hata chokaa yangu ikifanywa hivyo huzama ndani ya jiwe na kulishika.

"Lakini baba, hiyo ya ukuta hupakwa mkono mmoja tu, tabaka moja jembamba. Ukizidisha, ukuta haupumui."

Kesho yake nikapita pale, njia yangu ya kila siku. Mafundi walikuwa juu ya jukwaa.

"Mkono wa ngapi huo?"

"Wa tano. Bado mitatu. Bosi kasema hii dawa ya nane."

Nano wameisikia nane. Neno langu moja lingetosha. Nikakumbuka kicheko chao, nikaenda zangu barazani kunywa kahawa, na siku ile niliiona tamu.

Masika yalipokwisha, unyevu na chumvi vilikosa pa kutokea. Ukuta ukavimba, plasta yake ikamwagika juu ya kitanda cha yule mama. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa jikoni. Mkandarasi alifukuzwa, mji mzima ukajua. Nilifurahi, sifichi.

Halafu mama akaniita. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanionyesha kitanda.

"Ulikuwa ukipita hapa kila siku. Hukuwaona wakizidisha mikono?"

"Nliwaona, Bi."

"Ukanyamaza."

"Nlinyamaza."

Hakuniuliza sababu. Alinirudishia kazi, nikaikwangua mikono yote minane. Zamani chai ya saa nne aliniletea mwenyewe, akakaa tukazungumza. Siku hizi huiacha kizingitini, akarudi ndani na kufunga mlango.