Shemeji Aliyedai Amerogwa Vidole

Shemeji yangu alikuwa na miezi hajakosa penalti ya gemu kwenye TV yetu kubwa. Mchana mmoja, sebuleni kwangu, akakosa zote tano.

Akaweka pedi ya kuchezea chini, akavitazama vidole vyake, akasema, "Nimerogwa."

Hakurogwa na mtu. Ni mimi na rimoti.

Ngoja niwaeleze, maana naona humu kundini kuna watu nao wanavilaumu vidole vyao bure.

Shemeji ninayemsema ni mdogo wake mume wangu. Alikuja kwetu kukaa wiki mbili, akakaa moja kwa moja. Mtaani wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua pasi ya umeme, na ikawaka tena. Tangu hapo hakuna kitu kinachomshinda, kwa maelezo yake mwenyewe.

TV ilipofika, yeye ndiye aliyeifunga ukutani. Akaingia kwenye mipangilio, akawasha kila pambo alilolikuta. Kulainisha picha, kukoleza rangi, kung'arisha nyuso. Nyasi za uwanja zikawa kijani mpaka macho yanauma.

"Picha hiyo, shemeji," akaniambia, kana kwamba nyasi kazipanda yeye.

Picha ilikuwa nzuri, sikatai. Tatizo ilikuwa inachelewa.

Unabonyeza kitufe, mchezaji anawaza kwanza ndiyo apige. TV inapokea picha, inaipaka poda, halafu ndiyo inakuonyesha wewe. Unachokiona kimeshapita.

Kwenye penalti ndipo aibu ilipo. Unashikilia kitufe, kipimo cha nguvu kinapanda: njano, kijani, nyekundu. Ukiachia kwenye kijani, goli. Lakini kwa TV ile, ukiona kijani ujue gemu lenyewe limeshafika nyekundu, na mpira unapaa juu ya goli.

Nilijua si vidole vyangu. Mimi nafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Daktari akienda kula, napiga penalti kwenye kompyuta ya pale. Naachia kwenye kijani na nafunga.

Injinia alikosa, akakosa, mwisho akagundua kwamba akiachia kwenye njano anafunga. Badala ya kujiuliza kwa nini, akatangaza kuwa ni kipaji.

"Kijani ni ya wanafunzi," alikuwa anawafundisha rafiki zake, watu wazima na ndevu zao, wamejazana kwenye makochi yangu wanatikisa vichwa. "Bingwa anaachia kwenye njano."

Nikamwambia, "Shemeji, TV inachelewa. Humo kwenye mipangilio kuna hali ya mchezo, iwashe."

"Niliiona. Inafubaza rangi." Akacheka. "Kinachochelewa ni vidole vyako."

Mtu akishajiita bingwa, utamwambia nini.

Likaja shindano la gemu la mji mzima. Mshindi anaingia kwenye timu ya kulipwa, na mkataba juu.

Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Miaka yote nimekaa nyuma ya kioo nikiwauliza watu wenye mashavu yaliyovimba kama wana miadi. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nikiamka asubuhi natamani kulia.

Ila sharti lilikuwa moja: kila nyumba itoe mchezaji mmoja tu.

Mume wangu, ambaye hapendi kumuudhi mtu hata kama mtu huyo anamaliza sukari yake, akasema tumalizane kwa penalti tano tano Jumapili mchana. Yeye refa.

Kabla hatujaanza nikashika rimoti, nikazima mapambo yote, nikawasha hali ya mchezo. Na sikumficha. Nilimwambia mbele ya kaka yake, "Nimeirekebisha. Sasa haichelewi."

"Umeiharibu picha tu," akasema, akaketi.

Ya kwanza akaachia kwenye njano. Mpira ukatambaa mpaka miguuni kwa kipa. Akafuta mikono kwenye suruali. Ya pili, vilevile. Ilipofika ya tano, kipa alikuwa anaokota mipira kama anaokota mayai bandani.

Mimi nilifunga zangu zote kwenye kijani. Ndipo aliposema amerogwa, na mimi nikacheka mpaka mume wangu akaniomba niende jikoni kidogo.

Siku ya shindano Injinia naye akaja. Nikajua kaja kuniona nikianguka.

Mechi za mwanzo tulichezea kompyuta ndogo, nikawafagia. Fainali ikahamishiwa jukwaani, kwenye skrini kubwa, ili watu wote waone. Mpinzani wangu alikuwa dada mmoja msusi. Tukatoka sare, tukaenda kwenye penalti.

Nikaachia kwenye kijani. Mpira ukapaa. Msusi naye akaachia kwenye kijani, wake nao ukapaa.

Nikaelewa palepale. Nikamwita mwandaaji, bwana mmoja mwenye upara na kitambulisho shingoni.

"Skrini hii inachelewa. Washeni hali ya mchezo."

"Mama, skrini hizi zimepangwa na wataalamu."

Mama, anasema, na kipara chote kile.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Injinia, taratibu kabisa. "Shemeji, hii ni kama ile ya nyumbani, ya zamani. Achia kwenye njano."

Nilimsikia vizuri. Na nilijua ni kweli, tena mimi ndiye niliyejua sababu, yeye alijua mazoea tu. Lakini nikaiona kesho yake: makochi yangu yamejaa ndevu, Injinia anasimulia jinsi alivyomfundisha shemeji yake kupiga penalti.

"Nyamaza," nikamwambia.

Nikaachia kwenye kijani. Ukapaa.

Msusi naye alikuwa amemsikia, na hakuwa na kinyongo na mtu. Akaachia kwenye njano, akafunga. Iliyofuata, njano tena, akafunga tena. Mimi niliendelea na kijani yangu mpaka mwisho, nikiwa na akili timamu kabisa.

Msusi akachukua mkataba. Aliposhuka jukwaani, kitu cha kwanza alichouliza ni jina la yule kaka aliyekaa nyuma yangu. Leo Injinia ni kocha wake, analipwa, na amehama kwangu. Hilo la kuhama nashukuru.

Siku anabeba mabegi yake aliniambia mlangoni, "Shemeji, mimi siku ile nilikuja kukushangilia." Nikamtazama usoni nitafute uongo. Haukuwepo, na iliniuma kuliko penalti zote.

Mimi bado nipo mapokezi.

Basi chukueni hili. Mjinga naye kuna siku anapatia. Siku hiyo fanya anachokuambia, chukua ushindi wako, halafu rudi umdharau ukiwa na mkataba mkononi.