Pini ya 91: Mwanamke anayezisaka bodi alizozikosea

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya sanduku la chuma ndani ya karakana ya bati. Mlango wa sanduku uko wazi. Ndani kuna nyaya za rangi nne, vumbi, na bodi ya kijani yenye ukubwa wa kiganja.

Mwenye karakana amesimama nyuma yake, macho kwenye saa ya simu.

"Mama, ulisema dakika ishirini. Zimebaki nane."

"Zinatosha, baba."

"Mashine yenyewe haijawahi hata kukohoa tangu niinunue. Unaitibu ugonjwa gani?"

"Ule usiokohoa," anajibu, bila kuinua uso.

Anagusisha ncha ya chuma cha kulehemu. Moshi mwembamba unapanda, na kitu kidogo kama punje ya mchele kinashika mahali pake. Ni rezista, kipande cha kuzuia umeme. Bei yake haifiki ya kiberiti kimoja.

Kisha anaweka kipande cha kadibodi chini ya presi, mashine yenyewe ya kukandamiza bati, anazima umeme wote kwa swichi ya ukutani, anauwasha kwa mpigo mmoja na kutazama. Presi haishuki. Anarudia mara kumi. Kadibodi inabaki nzima. Anaandika namba kwenye daftari lake.

"Hii ni ya 131," anasema. "Bado 59."

Ana miaka 41. Kwenye kampuni aliyofanyia kazi miaka tisa walimwita Mama Pini, na jina limemfuata hadi nje ya geti. Kazi yake watu wengi hawajui kama ipo. Ndani ya mashine nyingi za leo, kuanzia mizani ya dukani hadi pampu ya maji, kuna prosesa, yaani kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye bodi. Prosesa anayoifahamu kuliko zote ina miguu 176 myembamba kama nywele. Mafundi huiita pini.

Pini moja inaweza kufanya kazi nne au tano tofauti. Inaweza kuwasha taa, kusikiliza kitufe, au kupeleka maneno kwenye skrini. Haiwezi kufanya zote kwa pamoja. Lazima mtu akae chini, asome kitabu cha prosesa chenye kurasa 1,140, aamue kila pini itafanya nini, kisha ajaze jedwali. Waandishi wa programu za kuendeshea bodi hulichukua jedwali hilo na kulifuata mstari kwa mstari.

"Nilikuwa nyapara," anasema. "Huyu beba hiki, yule sukuma kile. Tofauti ni kwamba pini haziombi ruhusa ya kwenda msibani."

Waandishi wa programu walimwamini. Mabishano yalipochacha, mmoja wao alikuwa akisema, "Mama Pini ameshasema," na wote wakarudi kwenye viti vyao. Kitabu hawakukifungua. Yeye anasema hilo lilimpendeza wakati ule, na kwamba leo angeliona kama dalili mbaya.

Kosa lenyewe lilichukua chini ya dakika moja.

Kampuni ilikuwa ikitengeneza bodi za kuendeshea presi za hewa, mashine zinazokata na kukunja bati kuwa vifuniko vya makopo. Katika toleo la kwanza, vali ya hewa inayoshusha presi ilikuwa chini ya pini ya 43. Halafu mtu wa mauzo akawaahidi wateja skrini, na skrini ilihitaji pini hiyo. Mama Pini akaihamishia vali kwenye pini ya 91.

Jedwali lake lilikuwa na safu tisa. Ya mwisho aliiita "hali ya kuamka": pini inakuwaje umeme unapowashwa, kabla programu yoyote haijaanza kufanya kazi. Pini ya 43 huamka ikiwa imezimwa. Alinakili mstari wa zamani, akabadilisha namba ya pini, akabadilisha jina la kazi, na safu ya mwisho akaiacha ilivyo.

Pini ya 91 huamka ikiwa imewashwa. Imeandikwa ukurasa wa 812, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Programu ilipoanza kufanya kazi, iliizima vizuri. Lakini programu huchukua sekunde moja na theluthi kuanza. Katika muda huo vali inakuwa wazi, na kama kuna hewa kwenye tangi, presi inashuka. Rezista anayoilehemu sasa huishikilia pini hiyo ikiwa imezimwa mpaka programu ianze.

Kwenye maabara ya kampuni hakuna aliyeliona, na sababu yake ndiyo inayomsumbua hadi leo. Kulikuwa na utaratibu uliobandikwa ukutani: washa bodi kwanza, subiri taa ya kijani, ndipo ufungue hewa. Uliwekwa ili kuwalinda wafanyakazi wa maabara. Bodi zilijaribiwa kwa miezi mitatu, na hewa haikuwahi kuitangulia bodi hata mara moja.

"Sisi tulikuwa salama mno kuliona," anasema. "Karakanani hakuna anayesubiri taa ya kijani. Umeme ukirudi, unarudi kwa kila kitu, na hewa imeshajaa kwenye tangi."

Bodi 212 zilitengenezwa. 198 ziliuzwa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, saa nne asubuhi, umeme ulikatika kwenye kiwanda kidogo cha vifuniko. Mwendesha presi mmoja, mwanaume wa miaka 34 mwenye uzoefu wa miaka saba, aliona kipande cha bati kimekwama. Mashine imezimika, taa zimezimika. Akaingiza mkono wa kulia kukichomoa. Umeme ukarudi.

Alipoteza vidole vinne. Kilichobaki ni gumba.

Kampuni ilituma watu wawili na ripoti ikaandikwa, kurasa saba. Hitimisho lake lilisema mtumiaji aliingiza mkono bila kufunga bomba la hewa.

"Na ni kweli, hakulifunga," anasema Mama Pini. "Ndiyo maana hitimisho liliwafaa sana."

Ripoti ilipita mezani kwake kama inavyopita barua yoyote. Alikuwa akila mkate huku akiisoma, anakumbuka, na akasimama kwenye maneno matatu: *mara umeme uliporudi*. Hakumaliza mkate. Alienda stoo, akachukua bodi, akaifunga kwenye presi ya majaribio, na kwa mara ya kwanza akafungua hewa kabla ya umeme.

Presi ilishuka. Alijaribu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ilishuka.

Siku ya pili aliingia kwa meneja na jedwali mkononi, mstari wa 91 ukiwa umepigiwa wino mwekundu. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Umemwonyesha nani mwingine?" meneja aliuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi niwe wa mwisho pia. Tutarekebisha programu."

"Programu haifiki huko, bosi. Yenyewe inaamka kosa limeshatokea."

"Basi bodi zijazo zitachorwa upya."

"Na zilizotoka?"

"Zimetoka," alisema meneja, akarudisha macho kwenye kompyuta yake.

Mama Pini alisubiri wiki mbili. Kisha akaandika barua kwa ofisi ya usalama kazini, akaambatanisha jedwali na matokeo ya majaribio. Nakala yake ilirudi na muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo muhuri huo ndio jibu pekee alilopata. Siku ya 62 baada ya barua, kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Ilimpunguza mmoja.

Sasa anajaza majedwali ya pini kwa wateja wa mbali anaowafahamu kwa barua pepe tu, na analipwa kwa kila jedwali. Mwezi mzuri unamwingizia theluthi ya mshahara wake wa zamani. Amehamia vyumba viwili kwa dada yake mkubwa, mshona sare za shule, na meza yake ya kazi ni ubao uliowekwa juu ya cherehani iliyoharibika.

Dada yake haelewi Jumamosi hizi. "Mdogo wangu, umekiri, umefukuzwa kazi, na bado nauli unajilipia," anasema huku akiuma uzi. "Hata gereza, mtu akishatumikia kifungo, humfungulia mlango akaenda zake."

"Mlango uko wazi, dada. Naenda zangu kwenye bodi."

"Haya. Basi vaa viatu vya maana. Unatia aibu."

Orodha ya wanunuzi aliipata kwa mtunza stoo wa kampuni, mtu aliyekaribia kustaafu. Mzee huyo aliweka daftari juu ya meza, akalifungua, akasema, "Mimi naenda kunywa maji. Huwa nakunywa polepole." Alichelewa nusu saa.

Lakini daftari linaonyesha mnunuzi wa kwanza tu. Presi huuzwa tena na tena. Bodi nane, mbali na zile 131, amezikuta kwenye vyuma chakavu na kuzivunja kwa nyundo. Nyingine amezifuata kwa kuuliza mlango hadi mlango, karakana hadi karakana. Wapo wanaomkaribisha. Wapo wanaodhani ni mwizi wa vipuri. Mmoja alimfukuza, kisha akampigia simu baada ya siku tatu kumwambia arudi, na hakusema kwa nini.

Nyumba aliyochelewa kwenda kuliko zote ilikuwa ya yule mwendesha presi.

Mara ya kwanza mke wake alimjibu mlangoni kwamba mume wake amelala. Ilikuwa saa sita mchana, na miguu ya mtu aliyekaa wima ilionekana chini ya pazia. Mara ya pili aliingia. Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki, meza katikati, mkono wa kulia wa mwanaume ukiwa chini ya meza.

Alimweleza pini ni nini. Akamweleza 43 na 91, safu ya mwisho, ukurasa wa 812. Hakupunguza kitu.

"Kwa hiyo ni wewe," mwanaume alisema.

"Jedwali ni langu. Ndiyo."

"Si mimi."

"Ulipaswa kufunga hewa, kaka. Lakini hata usipofunga, presi haikupaswa kushuka."

Ulikuwa umepita karibu mwaka mzima tangu ajali. Kila aliyemtembelea, anasema, alianza na pole na kumaliza na ushauri wa kuwa makini, kana kwamba kuna vidole vingine vimehifadhiwa kabatini. Shemeji yake alimwita mzembe mbele ya watoto. Naye alishaanza kuamini.

"Nieleze tena," alimwambia. "Polepole. Na wewe mke wangu, njoo usikie."

Alimweleza tena. Alipoondoka aliacha nakala ya jedwali na maelezo yenye sahihi yake, vitakavyotumika kwenye madai ya fidia. Wakili amesema yatachukua miaka miwili, huenda zaidi. Mwanaume hakumshukuru, na Mama Pini hakutarajia ashukuru.

Katika bodi 59 zilizobaki, 42 hajui ziko wapi. Nyingine 17 anajua. Ziko kwenye ukumbi mmoja wa kiwanda kikubwa cha makopo, chenye zamu mbili kwa siku, na umeme hukatika huko kama kwingine kote. Ameenda mara tatu. Mara zote tatu ameishia getini. Msimamizi alimpelekea ujumbe kupitia mlinzi: kampuni ya bodi imeshawaonya kwamba kuna mfanyakazi aliyefukuzwa anayezunguka kuharibu jina lake.

"Mlinzi alinionea huruma," anasema. "Aliniambia, mama, huyu bosi hata mvua akiambiwa inanyesha huomba barua."

Mara ya tatu aliporudi, alipitia kwa mwendesha presi. Hakuwa na sababu ya maana, anasema. Nyumba iko njiani. Alipotaja kiwanda, mwanaume aliinua kichwa. Alijifunzia kazi pale. Waendesha presi wa zamu ya asubuhi anawafahamu kwa majina, na wawili kati yao alisimamia harusi zao.

"Wewe unawapelekea karatasi," alimwambia. "Mwendesha presi hasomi karatasi. Anatazama mikono ya mwenzake."

Mpango ni wa wawili hao kwenda kiwandani Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, zamu zinapobadilishana. Mama Pini ameandaa rezista 17, na tatu za akiba, kwenye kopo la dawa lenye mfuniko. Kama msimamizi atakubali, kazi itakwisha kwa siku mbili. Kama hatakubali, hawataomba kuingia. Watasimama nje, upande wa barabara, mahali ambapo mlinzi hana mamlaka, na mwanaume atawaonyesha wenzake mkono na kuwaambia jambo moja: umeme ukikatika, usiguse chochote mpaka ufunge bomba la hewa.

"Hilo halihitaji chuma cha kulehemu wala ruhusa ya mtu," anasema Mama Pini. "Halirekebishi bodi. Linanipa muda tu wa kuzirekebisha."

Anatumaini wasimamizi watachoka kabla yake. Hajui kama itakuwa hivyo, na hasemi kwamba anajua.

Mwanaume ameweka masharti mawili. La kwanza, Mama Pini asimshukuru. La pili alilitoa mlangoni, akiwa ameshaanza kuufunga.

"Na kwenye basi," alisema, "kila mtu kiti chake. Tusikae pamoja."

Mama Pini alisema sawa, akamuuliza ni basi la saa ngapi.