Pilau ya Uwanja wa Ndege

Shufaa ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, kwa hiyo nina haki zote za kumsema. Anaringa. Ukimsifia pilau yake anakuuliza, kwani ulitegemea nini? Alizaliwa Mwanjelwa kule Mbeya, nyuma ya kibanda cha baba yake cha kanga, akaletwa Kihesa hapa Iringa akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili, na masufuria manne makubwa ambayo hakuna aliyemwomba ayalete. Kaka alifariki miaka tisa iliyopita. Masufuria ndiyo yaliyomsomesha Yasmini, binti yake wa pekee, maana hakuna harusi, msiba wala maulidi ya Kihesa ambayo Shufaa hajasimama kwenye moshi akizitukana kuni.

Kupika shughuli kwetu kuna utaratibu wake. Siku mbili kabla, wanawake wa mtaa wanaitwa kuchambua mchele. Mnakaa mkekani, kila mtu na ungo wake, mnatoa mawe na pumba, na midomo haipumziki. Mwislamu, Mkristo, Mhehe, Mnyakyusa, hiyo haiangaliwi. Pale ndipo mnajua nani anaolewa na nani, mimba ya nani ina miezi mingapi, na wageni wa shughuli ni akina nani. Mtu asipowaita, basi ana wageni anaowaficha.

Sasa uwanja wetu wa ndege ukaanza kupanuliwa. Lami ikarefuka, ikarefuka tena, mpaka watu wakaanza kuulizana ni ndege gani hiyo ya kuja Iringa inayotaka njia ndefu namna hii. Kuna mtu akasema ni majeshi ya nje yanatafuta pa kutua. Hakuna aliyemjua mtu huyo, ila kila mmoja alikuwa amemsikia. Ofisi ya mkoa ikamtuma bwana mmoja aje kutuambia mkutanoni kwamba uwanja ni wa abiria, na wa kusafirishia mboga. Alikana kwa saa mbili nzima, akakana mpaka mambo ambayo hatukuwa tumeyauliza. Tuliokwenda bila wasiwasi tulirudi nao. Halafu wapimaji wawili wa Kizungu wakaonekana sokoni wamevaa kaki wananunua parachichi, na kufikia jioni walikuwa wameshakuwa kikosi.

Katikati ya hayo mkandarasi akamtuma dereva wake, Peter, kwa Shufaa. Anataka pilau ya watu mia mbili siku ya kumaliza lami, na isiwe na pilipili. Shufaa akaagiza mchele kutoka Ubaruku, safari hii ule wa mashine mpya inayotoa mawe na chenga zote. Tuliumwaga kwenye ungo tukatafuta jiwe hata moja la kumtukania mwenye mashine. Hatukuliona. Aliyesema basi hakuna haja ya kuita watu ni mimi, Mwanahawa, na nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Tulipika wawili, geti tumelifunga kwa sababu ya mbuzi wa jirani.

Hebu funga geti Kihesa huku pilau ya watu mia mbili inanukia, uone. Moshi waliuona. Lori la uwanjani waliliona. Mkekani hakuitwa mtu, na Peter naye alishatangaza dukani habari ya pilipili. Mtaa ukajumlisha, ukapata jibu: Shufaa anawapikia wanajeshi wa kigeni, wameshafika, wamefichwa. Jamani. Waliokula ni vibarua wa lami waliotoka Singida, na pilipili ilikatazwa kwa sababu bosi wao ana vidonda vya tumbo.

Kesho yake masufuria yalirudi nyuma ya lori la kokoto, robo yamejaa chenga za kokoto. Shufaa akamtolea Peter maneno ya Mwanjelwa ambayo siwezi kuyarudia, kisha kwa ubahili wake akazikusanya zile chenga kwenye ndoo, ati ataziba shimo la mlangoni.

Basi tukaanza kupitwa. Ukisalimia kamwene unajibiwa nusu, nusu nyingine anapewa kuku anayepita. Mimi ningeweza kuvumilia, nina ngozi ngumu. Lakini harusi ya Yasmini ilikuwa imebaki wiki mbili. Mama wa bibi harusi akikosa watu wa kumchambulia mchele, wakwe watasema binti katoka kwenye nyumba isiyo na watu, na neno hilo litamfuata mpaka kwa wajukuu. Shufaa alijifanya hajali, akasema atapika peke yake na mwali atatoka vilevile. Siku moja mchana nikamkuta uani ametandika mikeka yote sita. Anaitazama. Aliponiona akaanza kuikunja, akanifokea kwamba naingia bila hodi. Roho iliniuma, maana kosa lilikuwa langu.

Nikaenda kwa Tekla, jirani yetu wa mbele, Mhehe wa watu, anayeongoza wanawake wa mtaa kwa kila jambo. Miaka ishirini amekaa mkekani ubavuni kwa Shufaa, hata kaka alipokufa yeye ndiye aliyewahi na ungo kabla ya ndugu. Nikamweleza yote, vibarua, tumbo la bosi, mbuzi. Nikamwapia kwamba hakuna mwanajeshi aliyekula hata punje. Akanisikiliza huku anamenya viazi.

“Wanajeshi waje, wasije, tutawaona wakishuka,” akasema. “Mimi nakuuliza kitu kimoja, mama. Mchele wa watu mia mbili mliuchambua na nani?”

Nikamwambia mchele wenyewe haukuwa na mawe. Akaweka kisu chini.

“Kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mnatuitia mawe.”

Nilirudi nikamweleza Shufaa neno kwa neno, nikangoja anitukane. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaenda stoo ulipokuwa mchele wa harusi, mifuko miwili ya kilo hamsini, uleule wa mashine, haujafunguliwa. Akaniambia nilete ile ndoo. Tukazichekecha zile chenga, tukaziosha, tukazianika. Kisha mwanamke huyu, ambaye kwa jiwe moja amewahi kumrudishia mwenye duka gunia zima, akafungua mifuko akaanza kumwagia kokoto kwa viganja. Nikamwambia amerukwa na akili.

“Usisimame,” akasema. “Koroga mpaka chini.”

Alhamisi asubuhi akavaa kanga yake nzuri, akapita nyumba kwa nyumba. Hakuomba radhi, hiyo hajafundishwa. Kila mlango alisema vilevile, kwamba mchele wa Yasmini una mawe mengi na yeye peke yake hauwezi. Wakaja wawili, wakaja watano, mpaka mikeka ikajaa. Wa mwisho alikuwa Tekla, na ungo wake kwapani. Akakaa mahali pake pa siku zote, akaanza kuchambua kimya kimya, mpaka akaokota kitu, akakigeuza kwenye mwanga.

“Shufaa,” akasema, “hili jiwe lina lami.”

Nyungo zote zikasimama. Shufaa hakuinua uso.

“Chambua, Tekla,” akasema, na sauti ikamkatika katikati.

Tekla akaliweka lile jiwe pembeni pamoja na mengine, akauvuta ungo wa Shufaa, akaupakata juu ya wake, akaendelea. Mimi nililia wazi, nikasingizia pumba. Baada ya hapo mtu akauliza kama wale wazungu wa parachichi wameoa, na kelele zikarudi.

Jumamosi harusi ikajaa mpaka barabarani. Mjomba wa bwana harusi, bwana mmoja wa makamo mwenye suti, akang'ata kokoto mbele ya watu wote, akashika shavu, akauliza kwa ukali mchele huu umechambuliwa na nani. Tulisimama wanawake thelathini na mmoja.