Nilivyopiga bosi wa gemu la Wajapani huku watu wananiamkia kwenye skrini

Wakuu, hamjambo. Mimi ni bibi, shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtafuta makosa ya herufi apite. Haya yamenitokea mwenyewe, hapa Masuguru, Korogwe, Jumamosi.

Mjukuu wangu Mwajuma ana miaka ishirini, kazi yake kusuka nywele. Akitoka saluni anacheza gemu la Wajapani kwenye kompyuta, watu wanamtazama laivu. Kandege kadogo chini, risasi zinamwagika toka juu kama kumbikumbi mvua ikikatika. Pa kujificha hakuna. Unakwepa tu.

Baba yake, mwanangu aliyeko Handeni, akasema niipakie kompyuta kwenye basi, aifungie kwake. Inampotezea mtoto muda. Nikakubali.

Boksi liko mkononi, Mwajuma ananiambia, "Bibi, samahani. Cheza mara moja. Ukiona upuuzi, naifunga mwenyewe."

Nikakaa.

Wakuu, nimekata mkonge miaka kumi na moja. Mwiba ukiutazama unakuchoma. Unatazama nafasi. Na huku ni hivyo hivyo! Nikapita, nikapita, mpaka kwa bosi, lile dude kubwa linalofunga hatua.

Tatizo komenti. Maneno ya watazamaji yanakatiza juu ya gemu lenyewe, kulia kwenda kushoto. "Shikamoo bibi." "Bibi wa Korogwe shikamoo." Mimi salamu ya mtu siiachi chini. Nainua macho, nasema marahaba, pu! Nimekufa. Marahaba, pu! Ikabaki roho moja.

"Bibi, nizifiche komenti?"

"Uwafungie mlango watu wanaoniamkia? Nani kakulea wewe?"

Nikawaambia kwa sauti, "Marahaba nyote, na wanaokuja nyuma yenu. Sasa nyamazeni, niko kazini."

Skrini ikawa tupu! Hata neno moja. Zimebaki risasi na mimi. Nikaiona nafasi, nikapenya, bosi akapasuka vipande! Mwajuma akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Nikampigia mwanangu. Kompyuta haiji Handeni.

"Kwa nini, mama?"

"Naitumia."

Nilichojifunza: kitu hujakishika, usikikatie hukumu. Mimi nilikuwa nimeshakata.

Sasa nimekwama hatua ya nne, kuna dude la mikono sita linatema risasi za kuzunguka. Aliyelivuka aseme hapa alipitia upande gani. Porojo sitaki.