Damu Aliyojisifia Shemeji

Wakati wa korona, chumba chetu cha kuchangia damu hapa Songea kilikuwa na sheria ambayo sikumlegezea mtu: mwenye homa au kikohozi haingii, hata akija analia. Akikohoa mle ndani, wauguzi wote tunaugua, chumba kinafungwa, na wagonjwa wanakosa damu.

Siku wifi yangu alipojifungua akavuja damu nyingi, ndugu waliambiwa walete wachangiaji. Wa kwanza kufika alikuwa kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Msamala. Alinukia mikaratusi tangu mlangoni. Kumbe alikuwa amejifunika blanketi nyumbani, akajifukiza ili homa itoke kwa jasho, na pale kwenye ndoo ya kunawia mikono akajimwagia maji usoni mpaka paji likapoa. Kipima joto kikadanganyika. Nikamkalisha nje kwenye benchi, nikasubiri uso ukauke, nikampima tena. Joto lilikuwa juu, na sasa alikuwa anakohoa.

"Shemeji, nenda nyumbani ukapumzike. Siwezi kukutoa damu."

"Dada yangu anakufa, wewe unaniletea habari za kipima joto?"

Akapiga kelele koridoni kwamba nataka wifi afe kwa sababu hatupatani. Mama mkwe alikuwepo. Alinitazama machoni akasema mwanawe alioa nyoka. Sijayasahau maneno yale na sina mpango wa kuyasahau.

Nikavua koti, nikalala kitandani mwenyewe. Mimi ni kundi O, kama wifi. Mwenzangu akanitoa damu, ikapimwa upesi, ikapelekwa wodini, na wifi akapona. Nilimwomba mwenzangu afunge mdomo. Nilitaka waje kuniomba radhi kwa maneno ya koridoni, si kwa sababu wana deni langu.

Radhi haikuja. Zikaja habari, kuanzia Msamala hadi Bombambili, kwamba shemeji alipitia mlango wa nyuma, akatolewa damu na muuguzi mwenye roho nzuri, na hiyo ndiyo iliyomwokoa dada yake. Mtoto akapewa jina la shemeji. Kila nilipolisikia likiitwa nilivimba kwa hasira, nikaapa nitamkomesha hadharani.

Nikangoja ubatizo. Uani palijaa watu, shemeji yuko meza ya mbele, minofu inamfuata. Nikamsogelea kwa adabu zote.

"Shemeji, damu imeadimika hospitali. Watu kama wewe ndio tunaowatafuta. Hivi kundi lako ni lipi?"

"B!" akajibu kwa sauti, kifua mbele.

Wifi alikuwa kando yake, mtoto mapajani. Ni mwalimu wa sekondari, na kliniki walishamwambia kwamba mtu wa O hupokea O tu. Damu ya B ingemuua. Akaacha kutafuna. Akamtazama kaka yake, kisha mama yake, kisha akanigeukia.

"Wifi, ile damu niliyowekewa ilikuwa ya nani?"

Mama mkwe akaweka sahani chini. Shemeji akainamia minofu yake. Sikumwonea huruma, na hadi leo simwonei.

"Muulize kaka yako," nikasema, nikajiongezea pilau.